Umeshuka Nile mara mbili. Je, uko tayari kwa Mathioya?

Swali: "Mwalimu, salamu sana. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Ruiru. Nimeshuka Nile kule Jinja mara mbili kwa boti ya mpira, na mara zote mbili tulipinduka nikaibuka nacheka. Kuogelea najua, bwawani nakata mizunguko ishirini bila kupumzika. Sasa mimi na rafiki yangu tumenunua kayaki mbili za mtumba, ndefu kidogo, karibu mita nne, zina usukani mdogo nyuma. Tunataka kushuka mto Mathioya mwezi Aprili maji yakiwa mengi. Tujiandae vipi?"

Jibu: Salamu zimefika, kijana wangu. Nimefurahi kuona mtu wa hapa nyumbani anauangalia mto wa kwao na kutaka kuushuka. Nakujibu kwanza lile ulilouliza, kisha nikueleze sababu. Aprili hii msiingie Mathioya. Kayaki mlizonunua si za mto huo, watu wawili ni wachache, na ninyi wenyewe hamjajifunza kuanguka. Sikukatazi milele. Katika mito yote niliyoishuka hakuna ninaoupenda kama Mathioya, na nataka uufikie ukiwa mzima, utoke ukiwa mzima, urudi tena mwaka unaofuata.

Nianze na Jinja, maana huko ndiko ulikopata ujasiri wako. Nile ikitoka Ziwa Victoria hubeba maji mengi mno, mara nyingi mita za ujazo 1,000 kwa sekunde na hata zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Kwa hiyo kila sekunde, tani elfu moja zimekupita. Mtu akisikia hivyo hutetemeka, lakini wingi huo ndio uliokulinda. Mto ni mpana na una kina. Miamba mingi iko chini kabisa, miguu yako haiifikii. Maji yana joto. Na poromoko likiisha, mara nyingi hufuatwa na maji mapana yaliyotulia, ambako vijana wa kayaki za uokoaji wanakusubiri wakudake. Ulipopinduka, Nile ilikuzamisha, ikakuzungusha, ikakutema pahali pasafi. Adui wako pale alikuwa pumzi peke yake, na pumzi ulikuwa nayo.

Na kumbuka kwamba mto ulisomwa na mtu mwingine. Kiongozi aliyekaa nyuma ya boti ndiye aliyechagua njia, akajua mahali pa kuingilia, akapiga kelele "mbele!" na "shikilia!" Wewe ulipiga kafi. Kazi hiyo ni ya heshima, sikudharau, ila haikufundishi kuujua mto. Abiria wa matatu aliyepita barabara ya Kenol mara mia hajawa dereva.

(Nikiitaja Jinja moyo huniuma kidogo. Maporomoko ya Bujagali, ambako wengi wetu tulikwenda kuona maji makubwa kwa mara ya kwanza, yalifunikwa na bwawa la umeme la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012. Mwaka 2019 likaja bwawa la Isimba, nalo likameza mengine huko chini. Umeme tunauhitaji, najua. Lakini kama umebahatika kuliona poromoko la Itanda likinguruma, shika kumbukumbu hiyo vizuri.)

Sasa njoo Mathioya, kule Murang'a. Huu unatoka Nyandarua, milima ambayo kilele chake kirefu kina mita 4,001. Mathioya ya Kaskazini na ya Kusini hushuka kwenye mabonde ya chai, yakakutana, kisha maji yao huingia Tana. Mahali pengi unaweza kutupa jiwe likafika ng'ambo bila kujikaza. Maji ni baridi, hasa yakiwa bado karibu na msitu. Mawe yako kila mahali: yaliyo juu ya maji, yaliyofunikwa kiganja kimoja, na yale mabaya zaidi, ambayo maji hupita chini yake. Maporomoko yamefuatana. Ukimaliza moja huna pa kupumzikia, la pili limeshaanza, na ukiwa nje ya kayaki unayapita yote mawili kwa mgongo wako.

Watu wa mito hupima maporomoko kwa madaraja sita, la kwanza likiwa maji yanayotembea tu, la sita likiwa lile ambalo hata mabingwa hulipita kwa miguu kando ya mto. Sehemu nyingi za Mathioya zenye maji mazuri ni daraja la tatu na la nne. Utasema: "Lakini Jinja tulipita la tano!" Ndiyo, mlipita. Ila daraja linakuambia ugumu wa kupita, halikuambii utaangukia nini. Daraja la nne kwenye maji mapana yenye kina, mkiwa wanane ndani ya boti la mpira, ni jambo moja. Daraja la nne lenye upana wa mita sita, wewe peke yako ndani ya chombo cha plastiki, kichwa kikiwa chini na jiwe liko nusu mita kutoka usoni pako, ni jambo jingine kabisa. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Ukibadilisha chombo, umebadilisha ukubwa wa mto.

Ndiyo maana kila mwanafunzi anayekuja kwangu akitaka kayaki, sehemu kubwa ya mafunzo yake ya mwanzo simpi kayaki. Namvalisha jaketi la kuelea na kofia ngumu, namwingiza mtoni aelee. Wengi hukasirika. Wamelipa nauli, wamekuja kupiga picha, nami nawatupa majini kama magogo. Lakini kwenye mto wa mlimani, siku yako ya kwanza utaanguka, na ya pili, na ya kumi. Usipojua kuanguka, hutafika siku ya kumi na moja.

Sikiliza kilichonipata mimi. Nilikuwa na umri kama wako, mwaka wangu wa pili mtoni. Ulikuwa msimu wa kiangazi, Mathioya imepungua, maji hayafiki kiunoni. Nilianguka mahali padogo kabisa, pasipo hata jina, kafi likaniponyoka. Nikaliona linaelea hatua tatu mbele yangu. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikasimama nilifuate. Mguu wa kulia ukaingia kati ya mawe mawili, maji yakanisukuma mgongoni, nikakunjika mbele. Maji yaliyonifika mapajani nikiwa nimesimama, sasa yamenifunika kichwa. Nikajaribu kujiinua kwa mikono. Mgongoni nilihisi kama watu watatu wamenikalia. Kila nikipata kuinua mdomo, navuta nusu pumzi na nusu maji.

Kilichoniokoa ni kwamba tulikuwa wanne. Mmoja alivuka na ncha ya kamba, mwingine akabaki na ncha nyingine ng'ambo hii, wakaivuta hadi ikakaza mbele yangu usawa wa kifua. Nikaikumbatia, nikapata kuinuka na kupumua. Hapo ndipo wa tatu alipokuja kutoka upande wa juu, akashika mguu wangu, akauvuta kurudi kule maji yanakotoka, njia ile ile ulikoingilia. Ukatoka bila kiatu. Mpaka leo baridi ya Julai ikija, kifundo hicho hunikumbusha. Tungekuwa wawili, kama mnavyotaka kwenda ninyi, mwenzangu angesimama ukingoni na ncha moja ya kamba mkononi, asiwe na wa kumpa ya pili.

Kwa hiyo jambo la kwanza na la mwisho kwenye mto wa mawe: maji yakiwa yanakwenda na yanapita magoti, usisimame. Usisimame hata kama unaona chini, wala hata kama ukingo uko mkono mmoja tu. Kaa mlalo mpaka tumbo au makalio yako yaguse mchanga, ndipo uinuke. Mtu huona maji mafupi akajiambia hayana nguvu. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya mwili wako huongezeka mara nne. Maji ya mapajani yaendayo mbio yana nguvu kuliko maji ya shingoni yaliyolala.

Kuelea kwenyewe kuna namna mbili, na unapaswa kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine bila kufikiri. Ya kwanza: unalala chali, miguu mbele kuelekea chini ya mto, magoti yamekunjwa kidogo, ncha za viatu zionekane juu ya maji. Miguu ndiyo itakayogusa jiwe kwanza, na magoti yaliyolegea yatameza kishindo. Mawimbi yakija, usipumue juu ya wimbi, maana ndipo linapokupasukia usoni. Vuta pumzi kwenye bonde kati ya wimbi na wimbi. Ndani ya povu jeupe usitegemee jaketi likuinue kama kawaida. Povu lina hewa nyingi, halina nguvu ya kukubeba. Utarudi juu, ila utachelewa kidogo. Ukilijua hilo mapema, huingiwi na hofu ya mfa maji.

Namna ya pili ni ya kujiokoa mwenyewe. Unageuka kifudifudi, unaelekeza kichwa kwenye ukingo lakini kikiwa kimeinama kidogo kuelekea juu ya mto, unaogelea kwa nguvu zako zote. Hapo mizunguko yako ishirini ya bwawani inapata kazi. Unalenga yale maji yaliyojificha nyuma ya mwamba au nyuma ya kona, ambayo badala ya kushuka yanazunguka na kurudi juu. Sisi wa mtoni huyaita edi. Kati ya edi na mkondo kuna mstari, unauona kwa macho, maji yanasuguana na kutengeneza vishimo vidogo vinavyozunguka. Mstari huo hukukataa ukiuendea polepole. Ufikie kwa kasi, ujiviringishe juu yake mzima mzima, tumbo kisha mgongo, ujikute upande wa pili umetulia kama uko kwenye karai.

Kuna mahali pawili ambapo kanuni ya miguu mbele haifai, na watu wamekufa kwa kuing'ang'ania. Pa kwanza ni mti ulioanguka mtoni. Kingo za Murang'a zina mikaratusi na migomba mingi, na baada ya mvua huanguka. Maji hupita katikati ya matawi kama chai inavyopita kwenye chujio, nawe ndiwe majani. Ukiona huwezi kuukwepa mti, geuka kifudifudi, uogelee kuuendea kwa kichwa, na ukiufikia jirushe juu yake kama mtu anayepanda ukuta. Ukiuendea kwa miguu, miguu huingia chini na mwili mzima hufuata. Pa pili ni ukuta wa zege uliokatiza mto, ule wa kuchota maji ya kiwanda au ya umeme. Unaweza kuwa na kimo cha nusu mita tu, na kutoka juu unaonekana kama mstari mzuri ulionyooka. Maji yakiuruka hugeuka na kurudi nyuma kwenye ukuta, upande hadi upande, bila tundu la kutokea. Poromoko la asili lina kasoro zake, kuna ubavu ambako maji yanatoka, nawe unaogelea kuuelekea ubavu huo. Ukuta wa mafundi hauna kasoro. Mimi huuzunguka kwa miguu kila mara, na sijawahi kujuta.

Sasa tuje kwenye kayaki yenyewe. Mita nne na usukani nyuma: kijana wangu, mmenunua kayaki ya safari za ziwani na baharini. Si kitu kibaya hata kidogo. Ipelekeni Mkondo wa Kilifi asubuhi kabla upepo haujaanza, mtaipenda. Lakini urefu ule umetengenezwa ili chombo kiende moja kwa moja, na Mathioya inataka chombo kinachogeuka ghafla. Ya mtoni kwa kawaida ina mita mbili na nusu hivi, chini imeinuka mbele na nyuma kama ndizi, plastiki yake ni nene, na ndani ina vibano vya magoti na nyonga vinavyokushika kama suruali. Mita nne kwenye mto wa mita sita, mkikaa ubavu mara moja tu, pua imegusa jiwe huku na mkia umegusa jiwe kule, na katikati ni ninyi. Uzeni mojawapo, mtafute ya mtoni iliyotumika. Mkiipata, itoeni juani muikague: nyufa chini ya kiti, mahali pa kukanyagia miguu pasipoteleza, vishikio vya mbele na nyuma vikiwa vizima, na mifuko ya hewa mkiani ili ikijaa maji isizame kama jiwe.

Kuna jambo moja linalofundishwa kwa maneno sekunde kumi, na mwili hulikataa mwezi mzima. Maji yakikusukuma ubavu juu ya mwamba, utataka kuukimbia mwamba, uinamie upande ule maji yanakotoka. Kila kiumbe hufanya hivyo. Na papo hapo maji hukamata ukingo wa kayaki yako wa juu, yakaupindua, yakakubandika kwenye jiwe kichwa chini. Dawa yake ni kuukumbatia mwamba. Uinamie, uushike, uuwekee kifua, huku ukiinua ule ukingo wa upande wa maji. Maji yatapita chini yako nawe utateleza kutoka. Kwenye boti la mpira ni vile vile: kiongozi akiona boti linaugonga mwamba kwa ubavu, wote hurukia upande wa mwamba. Nimewafundisha watu wazima, wenye nguvu, wasiojua woga, na kila mmoja mara ya kwanza aliukimbia mwamba. Kwa hiyo tunafanya zoezi hilo kwenye maji mepesi, jiwe lile lile, mara ishirini, mara thelathini, hadi mikono ifike kabla ya akili.

Na utapinduka. Kabla ya kufundishwa roli, yaani kujigeuza ukiwa bado umekaa ndani, fundishwa kutoka. Kiunoni unavaa sketi ya mpira inayofunika tundu la kukalia ili maji yasiingie, na mbele yake kuna kitanzi. Hakikisha kitanzi kiko nje kila unapoivaa; kikikunjwa ndani umejifungia mlango. Ukiwa kichwa chini, inama mbele hadi uso ukaribie plastiki, maana mawe yanapita chini ya kichwa chako, na mtu aliyejinyoosha nyuma huwapa mawe uso wake. Piga ubavu wa kayaki mara tatu, kwa kiganja, mwenzako asikie. Zoezi hilo ni la utulivu: mtu anayeweza kupiga mara tatu hajapoteza akili. Kisha fuata ukingo wa tundu kwa vidole hadi kwenye kitanzi, kisukume mbele kisha kivute, weka mikono nyongani, ujisukume kama mtu anayevua suruali. Usiache kafi. Yote hayo ni sekunde tano au sita. Mara ya kwanza utaapa ilikuwa dakika nzima.

Roli yenyewe sitakufundisha kwa maandishi. Inataka mtu aliyesimama majini kando yako bwawani. Nakuambia hili tu: roli ya bwawani si roli. Ukiweza mara kumi kati ya kumi kwenye maji yaliyotulia, upande wa kulia na wa kushoto, ukiwa umefumba macho, hapo mtoni utaipata labda nusu ya hizo.

Juu ya Aprili. Najua kwa nini mmeichagua, mto ukiwa umejaa unapendeza na mawe mengi hufunikwa. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huijaza mito yote ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, na wenye uzoefu husubiri maji hayo kwa hamu. Kwenu ninyi ni kinyume. Maji yakiongezeka, edi hupungua na nyingine hufutika, kwa hiyo pa kusimama na kupumua hakuna. Maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa, huwezi kuona jiwe wala gogo chini. Migomba mizima hushuka nayo. Na mvua inayoujaza mto haikunyeshei wewe: inanyesha huko juu msituni alasiri, bonde lako liko na jua, saa chache baadaye mto umepanda. Sote tunazikumbuka mvua ndefu za 2024, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 200 nchini. Wengi wao hawakuwa wamekwenda kucheza na mto; mto uliwafuata.

Mimi kabla ya kuingia huweka jiwe jeupe pale pale maji yanapoishia, kisha navaa vifaa vyangu bila haraka. Nikirudi nikakuta jiwe limelowa, nangoja. Likiwa limefunikwa, tunarudi nyumbani. Vile vile maji yakianza kubadilika rangi tukiwa safarini, au majani makavu yaanze kuelea kwa wingi, hayo ni majani yaliyokuwa yamelala ukingoni na mto umeyafikia. Maana yake unapanda. Tunatoka.

Kutoka nako kuna hesabu yake. Murang'a barabara ziko migongoni mwa milima na mto uko bondeni. Mtu akivunjika mguu, mnambeba kupitia mashamba ya chai na kahawa, kupanda, kwa njia za utelezi, na simu mara nyingi haishiki mpaka ufike juu. Kabla ya siku yenu, tembeeni ukingoni. Salimieni wenye mashamba, waulizeni njia zinapotokea, waambieni mtapita siku gani. Mara mbili katika maisha yangu ya mtoni waliobeba machela walikuwa wachumaji chai, waliofika kabla hatujamaliza kupiga filimbi.

Idadi iwe tatu kwa uchache, na mmoja awe mtu anayeujua mto ule, ameushuka mwaka huu, maana mafuriko husogeza mawe na njia ya mwaka jana huenda haipo. Kila mmoja awe na filimbi, kisu kifupi kwenye jaketi, na mfuko wa kamba ya kutupa ya mita kumi na tano au ishirini. Filimbi moja, nitazame. Tatu, kuna hatari. Kafi wima, njoo. Kafi mlalo, simama. Na mkionyeshana njia, onyesha kule mwenzako anapopaswa kwenda. Usionyeshe hatari, hata siku moja. Aliye ndani ya mawimbi hufuata mkono wako bila kuuliza unaonyesha nini.

Ukitazama poromoko kutoka juu, tafuta ulimi wa maji laini wenye umbo la pembe tatu, ncha yake ikielekea chini ya mto: hapo pana njia. Ncha ikielekea kwako, ujue pana jiwe. Mwamba wenye povu lililotuna mbele yake kama mto wa kulalia una adabu, maji yanaugonga na kurudi. Mwamba mkubwa uliosimama njiani mwa maji bila povu lolote mbele yake, uogope sana, maana maji yamepata pa kupita chini yake nawe utapita huko huko. Na ukiona mto unakatika kama ukingo wa meza, na mbele unaona vilele vya miti tu, toka ukatazame kwa miguu. Kuna methali tunayopenda kuitumia kuwasukuma waoga, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtoni sitaki kuisikia. Umevua nguo, umevaa sketi, umefunga kofia, umetazama poromoko na tumbo likakataa: beba kayaki begani, pita kando. Hakuna atakayekucheka katika kundi langu.

Basi fanyeni hivi. Kuanzia sasa hadi Mei, mara moja kwa wiki bwawani, Thika au Nairobi, na mtu mwenye kayaki ya mtoni: kutoka kwanza, kisha roli. Juni mvua zikiwa zimepungua na maji yameanza kung'aa, njooni Sagana. Pale Tana, ambayo wenyeji huiita Thagana, kuna sehemu za daraja la pili na la tatu zenye maji ya kupumzika katikati, na viongozi wamekuwa wakifundisha watu pale kwa miaka mingi. Siku mbili za kuelea bila chombo. Siku kadhaa kwenye boti la mpira, lakini mwombe kiongozi ukae karibu naye nyuma, akueleze kwa nini anachagua njia hii na si ile. Halafu kayaki, daraja la pili, mkiingia na kutoka kwenye edi hadi mchoke: ingia, geuka, toka, vuka mto pua ikiwa imeelekea juu, rudi. Wapwani ndio waliotuachia neno kafi, na maji haya haya huishia kwao karibu na Kipini. Mvuvi wa kule anaijua pembe ya kuvukia mkondo tangu utotoni, nanyi mtaijua mkirudia vya kutosha. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikija, tutaona mmefika wapi. Mathioya, ile sehemu ya chini iliyo nyepesi, maji yakiwa ya wastani, labda mwaka ujao.

Rafiki yako naye ayasome haya yote, asisimuliwe. Na mkija Sagana, njooni na viatu vya kufunga kwa kamba, hata raba za zamani, vinavyobana mguu. Sandali mto utazivua dakika ya kwanza, na chini kuna mawe na chupa zilizovunjika. Njooni pia na nguo za kubadilisha na sweta, mkitoka majini jioni mtazihitaji.